Dakika Tatu za Didace

Kioo cha darubini kilirudi kwenye rangi chenyewe. Didace alikuwa amekitoa kabatini, akakifuta vumbi, akaenda kunywa chai. Aliporudi kilikuwa kimezama kwenye bakuli la rangi ile ya zambarau, kimetulia kama mwenye nyumba.

"Dada Hadia, umekigusa hiki?"

"Mie? Mwenye kiherehere cha rangi humu ndani ni wewe."

Kweli. Katika maabara ile ya Mpanda, kipande cha nyama ya mgonjwa kilibandikwa kwenye kioo, kikaloweshwa rangi dakika kumi ndipo seli zionekane vizuri kwa darubini. Didace, mtu wa sifa, akavumbua njia yake: dakika tatu. Akaitangaza mpaka kwa muuza chapati. Foleni ikaisha, wakubwa wakampigia makofi. Ila kioo cha mama mmoja wa kijiji cha Mamba, Emerensiana, kilitoka kimepauka, na daktari akaandika hana saratani. Didace aliuona ule mpauko. Akanyamaza. Wiki hii ndipo roho ilipomtuma akitazame tena.

Kesho yake, saa saba mchana, jua la kupasua mawe, akasikia: chubwi. Chubwi. Kama kitu kinachochovywa. Akageuka, bakuli tulivu.

Siku ya tatu ikaingia harufu ya udongo mbichi, ule wa kaburi, ikaifunika harufu ya dawa zote, na zambarau ikamtambaa vidoleni bila kugusa kitu, sabuni isiitoe, na sauti ya mama mtu mzima ikamhesabia sikioni, moja, mbili, tatu, ikikomea hapo na kuanza upya, mpaka akakinyakua kile kioo, akakilowesha dakika kumi kamili, akakiweka chini ya darubini.

Hadia akachungulia. Akarekebisha lenzi, akachungulia tena.

"Didace. Hii ni saratani."

"Najua."

"Mpigie."

Simu ikapokelewa na Prisila, binti wa Emerensiana. "Mama tulimzika Jumamosi, kaka. Si nyie mlisema mzima? Akagoma kurudi hospitali."

"Kosa ni langu," Didace akanong'ona. "Si la hospitali. Ni langu mimi."

Simu ikakatwa. Hesabu sikioni ikakoma, na Didace akavuta pumzi ya kwanza tangu asubuhi.

"Hizo dakika tatu zako," Hadia akauliza taratibu, "ni kwa vioo vingapi?"

"Vyote. Tangu Pasaka."

Ndani ya kabati lililofungwa vioo vikaanza kugongana, kimoja, kisha droo nzima, kama watu wanaoamshana.