Nyumba ya Pima Tano

Kila asubuhi Rosnani alishika ufagio kabla ya chai, na adhuhuri ilimkuta bado anafagia. Nyumba ya mama yake ilikuwa na vyumba kumi na kimoja. Ilisimama juu ya nguzo, karibu na mto Perak. Mimi nilikaa ng'ambo ya njia, nikimwona akipita dirisha moja hadi jingine mpaka jua linachoma.

Vyumba kumi na kimoja, watu watano. Alikuwepo mama mwenyewe, Bi Saodah, mjane wa miaka sabini na minne. Alikuwepo Rosnani, kitinda mimba wake, na mumewe Fauzi, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mawese. Na watoto wao wawili, Irdina na Aqil. Kaka na dada saba wa Rosnani walikuwa wanaishi mbali, wengine Kuala Lumpur, wengine Ipoh na Johor. Kila mmoja wa hao saba alikuwa na chumba chake kilichofungwa, na ndani yake kitanda kilichotandikwa.

Nyumba ile aliijenga marehemu mume wa Bi Saodah, Uda Bahari. Kila alipotarajia mtoto, aliongeza chumba. Tulipokuwa wadogo, tukisikia nyundo yake ya mbao inagonga, tulijua kwa Bi Saodah kuna mimba nyingine. Siku hizo nyumba ilijaa. Tulikaa sakafuni tukila mashokishoki, maganda tukiyapenyeza kwenye nafasi za mbao, na kuku walikuwa wakiyangoja chini. Naikumbuka ile kelele hata leo, na huwa naitamani.

Sasa kelele ilikuwa ya maji tu. Mvua ikinyesha, mabati yalivuja, na Rosnani alikimbia na ndoo tisa. Fauzi akirudi kazini hakupumzika, alipanda paani. Mwalimu wa Irdina alimwita Rosnani shuleni akamwambia kwamba mtoto hajui bado kuunganisha herufi. Akauliza kama nyumbani kuna mtu anayekaa naye akasoma. Rosnani aliona haya.

Siku moja mguu wake ulizama kwenye sakafu iliyooza. Alikaa pale pale, mguu mmoja juu na mwingine unaning'inia chini, akalia kwa uchovu. Bi Saodah alipokuja kumvuta, Rosnani alilisema lililokuwa moyoni.

"Mama, tupunguze nyumba. Mimi ni mmoja."

"Tukipunguza, kaka yako Nordin na wenzake wakija sikukuu watalala wapi?"

"Wanakuja mara moja kwa mwaka, mama."

"Hiyo mara moja ndiyo ninayoishi nayo. Mtoto akikosa pa kulala kwao, mwaka mwingine haji. Halafu mimi nife, nyinyi msijuane."

Rosnani aliuchomoa mguu wake. Alijua mama yake haogopi kupoteza mbao. Anaogopa kupoteza watoto.

Walikubaliana jambo moja tu, kwamba Fauzi aondoe baraza ya nyuma iliyokuwa inataka kuanguka. Fauzi ni mtu wa bidii, ila bidii yake huwa inatangulia akili. Alichukua mtaimbo, akaukita kwenye ukuta, akavuta. Ukuta wote ukajipinda, na ubao wa nakshi uliochongwa na Uda Bahari kwa mkono wake ukapasuka katikati. Bi Saodah aliuokota, akaingia ndani. Kwa siku nne hakuzungumza na mkwewe.

Ndipo akaitwa Mislan, fundi wa mbao wa kijiji cha pili. Mislan alikuwa hodari, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko randa yake. Alizunguka nyumba, akainama, akachungulia, kisha akamgeukia Fauzi.

"Shemeji, wewe umevunja nyumba kama mwizi aliyekosa funguo. Hukuona kwamba hakuna msumari hata mmoja?"

Fauzi alikiri kwamba hakuangalia. Mislan akamwonyesha. Ncha ya kila boriti ilikuwa imeingia kwenye tundu la nguzo, na kabari ndogo ya mbao imegongwa kuikaza. Alichukua nyundo ya mbao, akagonga kabari moja taratibu kwa upande wa pili. Ikatoka nzima.

"Nyumba za wazee wetu zimejengwa ili zifunguliwe," alisema. "Unaandika namba kwenye kila ubao kabla haujashuka. Halafu unafuata njia aliyopita fundi, lakini kinyumenyume. Alichoweka mwisho unakitoa kwanza."

"Sikukuita unifundishe kubomoa," Bi Saodah alisema. "Nimekuita uunge ubao."

"Nitauunga, mama. Lakini mchwa wameshaanza nguzo tatu za nyuma. Chumba kisichofunguliwa dirisha kinashika unyevu, na mchwa hawataki zaidi ya hapo. Ukitaka vyumba vyote vipone, vyote vikaliwe."

Bi Saodah akasema vitakaliwa, maana mfungo ulikuwa umeanza na sikukuu ilikuwa karibu. Mislan hakubishana. Alitoa chaki mfukoni, akampa Rosnani. Akawaambia kila siku wapige mstari kwenye mlango wa chumba ambacho mtu amelala, au amekula, au amekaa. Kufagia kusihesabiwe, kwa sababu kufagia si kukaa. Angerudi baada ya sikukuu. Bi Saodah alikubali upesi. Alikuwa na hakika kwamba chaki itamtetea.

Usiulize jinsi alivyojiandaa. Vitanda saba alivitandika mwenyewe kwa shuka mpya, mgongo unamuuma. Siku ya Idi wote walikuja na wake, waume na watoto. Walimbusu mkono, wakaomba radhi, wakala rendang, nyama iliyopikwa kwa nazi hadi ikakauka, na wali wa kwenye majani. Walipiga picha kwenye ngazi. Ilipofika alasiri, wakaanza kutafuta funguo za magari.

Nordin, kifungua mimba, mtu wa miaka hamsini na tatu, alimweleza mama yake kwa upole kwamba vyumba vina unyevu na watoto wanakohoa. Walikuwa wamechukua hoteli mjini ili wasimsumbue. Bi Saodah aliwaitikia, akawapungia mkono. Ulikuwa mwaka wa nne wanafanya hivyo. Miaka mitatu ya kwanza alikuwa akijiambia kwamba ni mwaka huu tu.

Mislan aliporudi, nami nilikuwa nimekwenda kurudisha sahani. Tulimkuta Bi Saodah amesimama kwenye ushoroba. Mlango wa jikoni ulikuwa umejaa mistari. Wa chumba kikubwa cha mbele, tunachokiita nyumba mama, nao pia, na wa chumba walichokuwa wanalala kina Rosnani. Milango mingine ilikuwa safi.

"Niliwatandikia," alisema.

Mimi machozi yalinitoka. Mislan akapitisha kidole kwenye mlango mmoja safi. Kisha akamuuliza Bi Saodah ni sehemu gani iliyojengwa kwanza.

"Nyumba mama na jiko. Vingine vilifuata." Bi Saodah aliutazama ukuta. "Nililetwa hapa nina miaka kumi na saba. Kabla ya kukata mbao fundi alinisimamisha uwanjani, akaniambia ninyooshe mikono. Akanipima kwa kamba, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Hiyo ni pima moja. Nyumba ikawa pima tano. Ilikuwa desturi, nyumba ipimwe kwa mwili wa mke."

Mislan alichukua kamba, akamwomba anyooshe mikono. Akampima, kisha akaipima nyumba mama kwa kamba ile ile. Ilizidi pima tano kidogo.

"Umepungua, mama," alisema. "Nyumba haijapungua. Na hivi vyumba vya nyuma, alivipima nani?"

"Uda Bahari. Kwa futi. Alikuwa na haraka, watoto walikuwa hawangoji." Akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Kisha akasema, "Haya, fungua. Anza na cha Nordin."

Hawakuanza siku ile. Rosnani aliwapigia simu ndugu zake kwanza, kila mmoja aje achukue vitu vyake ndani ya mwezi mmoja. Vilivyobaki wakavigawa kwa waliopoteza vyombo kwenye mafuriko. Bi Saodah alibakiza sanduku moja la kumbukumbu, na ule ubao wa nakshi ulioungwa. Siku ya kazi ilipofika tulisoma dua, tukala wali wa manjano, majirani wakapanda paani. Mabati yalishuka kwanza, kisha kuta, kisha sakafu, kisha boriti na nguzo. Fauzi ndiye aliyegonga kabari, na Mislan alisimama chini yake akimtania kila zikitoka nzima. Mbao nzuri zilitibu sakafu ya nyumba mama. Nyingine zilikwenda madrasa.

Siku ya nane vumbi lilitulia. Bi Saodah alishuka ngazi, akaenda uwanjani, akageuka kuitazama. Ilikuwa nyumba ile ile aliyoletwa akiwa bibi harusi, na nyuma yake jua lilipiga mahali ambapo halikuwa limefika kwa miaka hamsini. Alikaa pale muda mrefu. Hatukumwita.

Sasa Rosnani anamaliza kufagia kabla maji ya chai hayajachemka. Hakuna ndoo tena. Jioni anakaa na Irdina na kitabu, na kabla mwaka haujaisha mtoto alikuwa anamsomea bibi yake gazeti, polepole, kidole kikifuata mstari. Fauzi ameacha paa, anamfundisha Aqil kuvua samaki.

Lakini swali la Bi Saodah, watalala wapi, lilikuwa bado halijajibiwa, na sote tulilijua. Sikukuu ikarudi. Watoto wake wakaja, wakiwa wameshaweka nafasi hotelini. Walipanda ngazi, wakaangalia huku na huku wakitafuta milango ya vyumba vyao. Hapakuwa na mlango. Palikuwa na sakafu kavu na mikeka mipya.

Walikula. Alasiri mvua ikashuka. Mmoja akajinyoosha kwenye mkeka, mwingine akamfuata, watoto wakajipenyeza katikati. Wakaanza kukumbushana mambo ya utotoni, nani aliiba doriani, nani alitumbukia mtoni na nguo za shule. Nilisikia vicheko hadi kwangu, nikavuka njia kwenda kutazama. Magharibi iliingia, hakuna aliyetafuta funguo. Mke wa Nordin aliuliza habari za hoteli. Nordin, bado amelala chali, akamwambia awapigie simu kwamba hawaendi.

Bi Saodah alitoka jikoni na mto mkononi. Alipita katikati ya miili ile, akasimama juu ya kifungua mimba wake.

"Nordin, kunja miguu. Mdogo wako hana pa kulala."

Na yule mzee mzima, mwenye mvi kichwani, akakunja miguu.