Wifi Aliniandikia Dawa, Nami Nikamfungisha Duka

Nina miaka thelathini na mbili, naishi Kerege. Leo nasema yote, atakayenuna anune!

Miaka saba ya ndoa sikushika mimba. Masimango ya ukweni nimeyala mpaka nikashiba... Mwaka jana Mungu akanijalia. Nilimwambia mume wangu tu. Kwetu mimba changa haitangazwi, watu wana macho!

Mimba ilipofika mwezi wa pili nikashikwa na homa, na mkojo ukawa unachoma. Zahanati foleni ndefu, nikaenda kwa Saumu, dada wa mume wangu, mwenye duka la dawa pale barabarani. Mtaa mzima unamwita dokta, naye anaitika! Cheti chake kinamruhusu kuuza dawa alizoandika daktari, si kuandika mwenyewe.

Hakuniuliza kitu. Alinifungia vidonge kwenye bahasha, akaandika juu yake kwa mkono wake namna ya kumeza.

"Meza, wifi yangu, kesho utakuwa mzima."

Nami, kwa kuogopa jicho lake, sikumwambia kuwa nina mimba.

Siku ya tatu damu ikaanza kutoka... Jamani, nilimpoteza mwanangu!

Hospitali daktari alivitazama vile vidonge, akauliza ni nani aliyempa mjamzito dawa kama hizi. Nilipopata nguvu nikamfuata Saumu, nikitegemea hata pole. Akanijibu mbele ya wateja: "Ningejuaje? Mimba yenyewe uliificha kama ya wizi!"

Mimba ya wizi? Mimi?

Nilitoka pale moja kwa moja na bahasha yangu mpaka kwa wakaguzi wa dawa. Mume wangu alinisihi, mama mkwe akalia, eti tuyamalize ndani kwa ndani. Tumalize nini? Wakaguzi walipokuja niliwaongoza mwenyewe mpaka mlangoni, nikasimama nikitazama duka linapigwa kufuli. Nilipiga kigelegele, wallahi! Jioni ile mume wangu akanipa talaka.

Sijutii! Najuta kitu kimoja tu... Niliogopa jicho la wifi, nikasahau kuogopa dawa zake.

Wenzangu, ukiwa na mimba hata ya wiki moja, mwambie anayekupa dawa, uwe unampenda au humpendi. Na umuulize ana ruhusa ya kuandika dawa au ya kuuza tu. Akinuna, ondoka!

Saumu bado ananitumia watu nimsamehe. Nimewajibu aende akamwombe mwanangu.