Mapunye ya Unga wa Shayiri

Kila asubuhi kengele ya jikoni ilipolia, Yangdol alitoa pua kwanza nje ya blanketi, halafu macho, halafu mkono mmoja wa kutafutia kofia. Kichwa kilikuwa cha mwisho kutoka. Kofia yake ilikuwa ya sufu nene, ndani ina ngozi ya mwanakondoo, na bibi yake alimshonea siku alipopanda mlimani kujiunga na watawa. Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Watawa wa nyumba ile walikuwa tisa tu. Saba walikuwa watu wazima, na kila mmoja wao aliitwa Ane, kama mtu anavyomwita shangazi yake. Wadogo walikuwa wawili, Yangdol na Lhazes, aliyemzidi kwa mwaka mmoja. Walilala chumba kimoja, wakala bega kwa bega, na wakati mwingine walibadilishana kofia kwa kutaka tu kucheka.

Baada ya kunywa chai ya siagi na chumvi, wawili hao waliteremka na madumu hadi kwenye chemchemi, wakavunja barafu kwa shoka na kuchota maji. Halafu ilikuja sala, halafu masomo. Ndani ya ukumbi wa sala kofia zilivuliwa, hata siku ambazo pumzi za watu zilionekana kama moshi. Njia ya kwenda kijijini ilikuwa imefungwa na theluji tangu mwezi wa kumi na moja, na hakuna aliyetarajia ifunguke kabla ya mwezi wa nne.

Mara moja kila mwezi, kabla ya mwezi mpevu, vichwa vyote vilinyolewa. Kazi hiyo ilikuwa ya Ane Palkit, mtawa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alianza asubuhi na mapema, ili amalize kabla ya sala. Mwezi uliopita Yangdol alinyolewa wa kwanza, akaenda chemchemini kichwa kikiwa bado kibichi, kofia nayo ikalowa. Upepo ulimpata njiani. Sikio lake la kushoto liliuma siku tatu kana kwamba mtu amelichoma sindano, lakini hakumwambia mtu yeyote. Aliogopa kuitwa mtoto.

Sasa siku ya kunyolewa ilikuwa imefika tena, na upepo ulikuwa mkali kuliko ule wa mwezi uliopita.

Asubuhi hiyo Yangdol alibaki nyuma chumbani. Alichukua unga wa shayiri iliyokaangwa, akaukoroga na chai kidogo, akajipaka nyuma ya kichwa katikati ya nywele zake fupi za mwezi mmoja. Ulipokauka ukawa magamba meupe. Kisha akajikuna pembeni kwa kichanio cha sufu mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Ane, kichwa kinaniwasha," alisema alipofika jikoni.

Ane Palkit aliinama, akasogeza miwani juu, akaisogeza chini.

"Haya ni mapunye," alisema polepole. "Yameanza lini, binti yangu?"

"Juzi."

"Juzi, na unanyamaza? Wembe tulio nao ni mmoja, na tunanyolewa sote." Aliuweka wembe mbali naye. "Wewe hutanyolewa. Mganga yuko bondeni na njia haipitiki, kwa hiyo hatuna dawa. Utakaa peke yako mpaka yapone."

Yangdol hakuwa amefikiria jambo hilo. "Yakichelewa kupona je, Ane?"

"Basi utasubiri njia ifunguke."

Walimpeleka katika chumba kidogo kando ya ghala la kuni. Kilikuwa na kitanda, chungu cha makaa na dirisha la ukubwa wa kitabu. Chakula kililetwa mlangoni. Nyakati za sala alisikia ngoma kupitia ukutani, na nyakati za jioni alisikia vicheko vya jikoni. Alikuwa na nywele zake na kofia yake, na hakuwa na baridi. Lakini hata kitabu chake hakuruhusiwa kukirudisha darasani. Kila alipofikiria kusema kweli, alijiona akirudishwa kwa bibi yake theluji itakapoyeyuka, watu wa kijiji wakimtazama njia nzima. Basi akanyamaza. Na kila siku aliyonyamaza ilifanya kusema siku iliyofuata kuwe kugumu zaidi.

Siku ya tatu alikwangua barafu ya dirishani kwa kucha, akapata tundu la kuchungulia. Alimwona Lhazes akipanda kutoka chemchemini na dumu moja kila mkono. Kichwa chake kilichonyolewa kilikuwa kimefunikwa kwa shali tu. Upepo ulikuja, shali likaanguka mabegani. Lhazes hakuwa na mkono wa kulirudishia. Alipanda hivyo hivyo mpaka juu, kichwa wazi.

Mchana Lhazes alileta supu, akaiweka kizingitini na kurudi nyuma hatua tatu.

"Kofia yako iko wapi?" Yangdol aliuliza kupitia upenyo wa mlango.

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliivaa wiki iliyopita? Ane alisema lazima ichemshwe, isije ikawa na mapunye yako. Kaichemsha, kaianika, ikaganda kama bati. Ilipoyeyuka ikawa imenywea. Haimtoshi hata paka wa jikoni."

"Ane hana nyingine?"

"Atoe wapi? Sufu ya kufuma imekwisha, na dukani utapitia angani?" Lhazes alishika sikio lake la kulia, uso ukakunjamana. "Hebu kula, mimi nimechoka."

"Sikio linauma?"

"Kidogo."

"Umemwambia Ane?"

"Nimwambie ili niambiwe mtoto?"

Yangdol alivua kofia yake. Ngozi ya mwanakondoo ilikuwa na joto la kichwa chake. Aliipitisha kwenye upenyo wa mlango.

"Chukua hii."

Lhazes aliruka nyuma kana kwamba ametupiwa nyoka. "Wee! Unataka na mimi nifungiwe? Rudisha mapunye yako huko."

"Chukua tu, Lhazes. Haina kitu."

"Haina kitu wakati umewekwa ndani kwa ajili ya mapunye? Niache bwana."

Aliondoka. Yangdol alibaki na kofia mkononi. Kofia ilikuwa nzima, ilikuwa safi, na kulikuwa na kichwa kimoja kilichoihitaji. Lakini hakuna ambaye angeipokea kutoka kwake.

Kesho yake supu ililetwa na Ane Palkit mwenyewe.

"Lhazes yuko wapi, Ane?"

"Amelala. Ana homa, na sikio lake linatoa maji. Nimempaka mafuta ya mbegu za aprikoti, lakini kichwa hakishiki joto." Mtawa mzee aliegemea ukuta. "Baridi ya mwaka huu sijui tumeikosea nini."

Yangdol alifungua mlango wote. Ane aliinua mkono kumzuia, lakini msichana alikuwa ameshapiga magoti. Alichovya kidole ndani ya kikombe cha maji, akasugua magamba yaliyobaki nyuma ya kichwa, kisha akaweka kidole hicho mdomoni.

"Ni unga wa shayiri, Ane. Sina mapunye. Sikuwa nayo hata siku moja."

Ane Palkit alimshika kichwa kwa mikono miwili na kukigeuza kwenye mwanga. Alitazama kwa muda mrefu. Yangdol alisubiri kuambiwa akusanye vitu vyake.

"Kwa nini?"

Akamweleza yote, sikio la mwezi uliopita, siku tatu za maumivu, woga wa kunyolewa tena. "Mpelekee Lhazes kofia yangu," alimaliza akilia. "Ikitoka kwako ataipokea."

"Utaipeleka mwenyewe. Na utamwambia mwenyewe."

Lhazes alikuwa jikoni, amelazwa karibu na jiko la bati. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umegeukia ukutani.

"Kwa hiyo kofia yangu imechemshwa kwa sababu ya uji," alisema.

"Ndiyo."

"Na ungekaa humo mpaka mwezi wa nne?"

"Nilikuwa naogopa."

Lhazes alinyoosha mkono bila kugeuka. "Lete. Na usidhani nimekusamehe. Nasikia baridi tu."

Yangdol alimvisha, akaivuta mpaka chini ya masikio.

Siku ya tano homa ilishuka. Mchana wa siku hiyo, jua likiwa juu ya paa, Ane Palkit alimkalisha Yangdol kando ya jiko na kumnyoa. Alipomaliza alichukua kitambaa kilichokuwa kikipata joto juu ya birika, akamkausha mpaka nyuma ya masikio, akampaka mafuta, kisha akamvisha kofia ya Lhazes iliyonywea. Ilikaa utosini kama kifuniko cha chupa, na ikabidi shali lifungwe juu yake.

"Paka wa jikoni amepata mpinzani," alisema Lhazes, na watawa waliokuwa jikoni wakacheka.

Ane Palkit hakucheka. Aliufuta wembe, akaukunja.

"Nisikilizeni nyote wawili. Kuanzia leo tutanyoa mchana, hapa jikoni, na hakuna atakayetoka nje kabla kichwa hakijakauka. Ningefanya hivyo tangu mwezi uliopita, kama mtu angeniambia kwamba sikio linamuuma. Kusikia baridi si utoto. Hata mimi nasikia, na nina miaka sabini." Akamtazama Yangdol. "Uliponidanganya, nilihangaika na ugonjwa ambao haupo, na ule uliopo ukaingia kwa mwenzako. Siku nyingine niambie kweli, hata kama unaona aibu. Nikiijua, nitakusaidia."

"Ndiyo, Ane."

"Haya. Madumu ni matupu, na leo zamu ni yako peke yako."

Yangdol alikaza fundo la shali chini ya kidevu, akachukua madumu na shoka, akatoka.