Kuku Yuko Kofiani

Huko Muheza, kwenye machungwa mengi, aliishi Tunu. Tunu alikuwa mdogo. Shairi lake lilikuwa dogo pia.

Kila jioni mdogo wake, Chiku, alilia. Waa! Waa! Maziwa hataki. Mgongoni hataki. Basi Tunu alimghania:

*Kuku yuko kofiani,*
*Ameketi kama nani!*
*Babu yuko mlangoni,*
*Kofia yake haoni!*
*Ko! Ko! Ko!*

Chiku alicheka. Kisha alilala. Fofofo.

Siku moja habari zikaja chekechea, alikosoma Tunu. Mgeni rasmi anakuja! Watu wazima wakakimbia huku na huko. Wakapaka mawe chokaa. Mawe yalifurahi sana.

"Mwalimu, nina shairi la kuku," alisema Tunu.

"La kuku!" Mwalimu Semhando alishika kiuno. "Mgeni rasmi atoke mjini, aje asikie habari za kuku? Watoto wadogo hamjui mashairi, mwanangu. Nimewatungia ngonjera mimi mwenyewe."

Na ngonjera ilikuwa tamu kweli. Tamu kama mwarobaini.

*Mgeni wetu karibu, mdau wetu wa leo,*
*Mikakati endelevu, chachu ya maendeleo!*

"Mwalimu, mikakati ni nini?" aliuliza Tunu.

Mwalimu Semhando alikohoa. Kho! Kho! "Mikakati ni... mikakati. Simama mstarini!"

Eti watoto wadogo hawajui mashairi!
Haya. Sisi yetu macho.

Siku ikafika. Jua nalo likafika, tena mapema. Mgeni rasmi hakufika. Watu wakubwa hawana haraka.

Watoto walisimama. Wakasimama. Wakasimama tena, maana wakikaa sare zitachafuka.

Watu wazima walikaa kivulini, wakanywa soda. Walichoka sana, maskini.

Vuuuu! Gari hilo! Mgeni rasmi akashuka, akapewa kiti. Kichwani alivaa kofia kubwa kama ungo.

"Haya, moja, mbili, tatu!" alisema Mwalimu Semhando.

"Mgeni wetu karibu, mdau wetu wa leo, mikakati ende... ende..."

Iende wapi? Hakuna aliyejua.

Mtoto mmoja akapiga chafya. Mwingine akaketi chini, sare na yote. Na kule kwa akina mama, Chiku akaanza. Waa! Waa!

Kilio kikaruka. Waa! hapa. Waa! pale. Chekechea nzima ikalia mbele ya mgeni rasmi.

"Mama Tunu, mbembeleze huyo!"

"Si ninambembeleza, Mwalimu! Hataki!"

Tunu alijua Chiku anataka nini. Moyo wake ukapiga. Ndu, ndu, ndu.

Mwalimu Semhando akamkazia macho. "Tunu, usithubutu."

Tunu akamtazama Chiku. Machozi yalikuwa mpaka shingoni.

Tunu akathubutu.

*Kuku yuko kofiani,*
*Ameketi kama nani!*
*Babu yuko mlangoni,*
*Kofia yake haoni!*

Chiku akanyamaza. Akafuta pua. "Ko! Ko! Ko!" akajibu.

"Ko! Ko! Ko!" wakajibu watoto wote.

Mgeni rasmi akasimama. Loo! Polepole akavua kofia yake. Akachungulia ndani.

"Hamna kuku," alisema kwa huzuni.

"Ametoroka!" wakapiga kelele watoto.

"Basi tumwite, wajukuu zangu. Tena!"

Wakamwita tena. Na tena. Hotuba ndefu ya mgeni rasmi ikabaki mfukoni. Hakuna aliyeililia.

Mwalimu Semhando alipiga makofi kuliko wote. "Si nilisema?" aliwaambia watu. "Si nilisema mimi?"

Alisema, kweli. Alisema mengi.

Eti watoto wadogo hawajui mashairi!
Haya. Sisi yetu macho.

Jioni ikaja. Chiku alikuwa kitandani. Mlangoni, ngo, ngo, ngo!

"Hodi! Tunu, mwanangu, umelala?" Alikuwa Mwalimu Semhando, na mtoto wake mgongoni. Waa! Waa! "Huyu ngonjera yangu hataki kabisa. Hebu... yule kuku. Anaketi wapi vile?"

Tunu akamtazama. Akashika kiuno.

"Simama mstarini, Mwalimu."

Mwalimu Semhando akasimama mstarini. Mama akacheka mpaka kanga ikamvuka.

*Kuku yuko kofiani...*

Mtoto mgongoni akalala. Chiku akalala. Fofofo.

Eti watu wazima hawajui mashairi!
Haya. Wakifundishwa, wanajua.

*Ko... ko... ko...*