Sauti ya Nne

Bi Mgeni alikuwa akikaa eda, hatoki nje, lakini siku hiyo aliamka na alama nyekundu ya duara midomoni. Binti yake, Adila, aliijua. Marehemu baba yake, Hamidu, alirudi nayo kila alipotoka kupiga tromboni.

"Mama, umeipuliza?"

"Mimi? Hata filimbi ya refa inanishinda."

Wakacheka kidogo. Kisha Mgeni akakohoa, pumzi zikamkatika.

Hamidu na wenzake watatu walikuwa wakikodiwa kwenye mazishi ya Wakristo, tromboni nne, wimbo mmoja wa taratibu wa kuzikia. Yeye alizikwa kwa dua, bila muziki. Tangu hapo, kila ikisha sala ya alasiri, tromboni yake ililia yenyewe uvunguni, sauti ya nne, ile nzito, ikakatika kabla ya mwisho. Chumba kilinuka shaba na jasho. Na kila ilipolia, Mgeni alidhoofu.

"Si mumeo," mganga, Bi Zuwena, alimnong'oneza. "Ni jini. Lilizoea kula pumzi zake, sasa linakula zako. Wenzake wamalize wimbo, litaondoka. Ila mtu asiliite, hata kwa jina la marehemu. Ukiliita, umelikaribisha."

Mgeni akalia. "Nitabaki na nini cha kusikia?"

Wanaume hawaingii kwa mwenye eda. Basi wale watatu walisimama nje, chini ya dirisha.

"Shemeji, jipe moyo," alisema Shuaibu, mkubwa wao. "Tunaanza."

Walipiga polepole, wakiacha nafasi ya mwenzao, na Adila, aliyemshika mama yake mkono, akaisikia sauti ya nne ikipanda kutoka uvunguni, ikijaza godoro, ikijaza kifua chake, ikivuta palepale ambapo baba alipenda kuvuta, ikipita pale ilipokuwa ikikatika kila siku, ikielekea mwisho, mwisho ambao baada yake asingemsikia tena, na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Baba," alinong'ona. "Usiende."

Wimbo ukaisha. 

Mgeni akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu msiba. Nje, Shuaibu alisikika akilia na kupenga kamasi. Tromboni ikatolewa dirishani, wakaondoka nayo.

Kesho yake Mgeni alipika uji mwenyewe. Adila alipokuja kunywa, mama yake aliuweka chini upawa, akamtazama mdomo.

"Mwanangu," alisema taratibu, "ulimwita?"

Adila alitaka kujibu. Pumzi hazikutosha.