Siku Gari la Mwalimu Lilipopata Sauti

Kila Jumamosi asubuhi Sikio alikuwa na kazi tatu katika karakana ya mama yake. Ya kwanza ilikuwa kufagia vumbi la chuma. Ya pili ilikuwa kupanga spana ukutani kwa ukubwa, kama wanafunzi waliosimama mstarini. Hizo mbili alizifanya kwa sababu mama yake alikuwa na macho makali. Ya tatu aliifanya kwa sababu aliamini kabisa kwamba alizaliwa kwa ajili yake: kusikiliza magari.

Jina la Sikio alipewa na mafundi wa mtaani. Gari likiwa bado kwenye kona, msichana huyu wa miaka kumi na mitatu aliinamisha kichwa kama daktari bingwa aliyeitwa kutoka mbali, akafumba macho na kutamka, "Mkanda umelegea." Gari lilipofika na boneti kufunguliwa, mkanda ulikuwa umelegea kweli. Tangu aanze alikuwa amekosea mara mbili tu, na mara zote mbili aliusingizia upepo.

Mama yake alikuwa fundi wa mabomba ya moshi, yale marefu yanayopita chini ya gari kutoka kwenye injini hadi nyuma. Aliyakata, akayapinda na kuyachomelea. Karakana yake ilikuwa na sheria moja iliyozidi nyingine zote: gari haliondoki mpaka kila kiungo cha bomba kipakwe maji ya sabuni kwa brashi huku injini ikinguruma. Moshi ukipenya mahali, povu linavimba. Kazi hiyo ilitakiwa kufanywa upesi, bomba likiwa bado baridi, kwani bomba likishapata moto povu hukauka kabla halijatoa ushahidi. Brashi ilikuwa mikononi mwa Sikio, na mama hakupita nyuma yake kukagua. "Mwanangu akisema tayari, ni tayari," aliwaambia wateja. Siku aliposema hivyo, Sikio alitembea shingo imenyooka kama twiga mpaka jioni.

Jumamosi moja lilikuja gari la Mwalimu wa Hesabu. Hakuna aliyehitaji sikio la pekee kulitambua. Lilikohoa kama mbuzi mzee aliyekula gazeti, likatetemeka, likazimika lenyewe mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu," Sikio alisalimu, akijitahidi asicheke.

"Marahaba. Cheka tu, mwanangu, darasa la nne walishacheka." Mwalimu alimgeukia mama. "Fundi, nimevumilia vya kutosha. Jana gari limezimika getini, watoto wakalipigia makofi ya pole. Nitengenezee bomba lenye sauti. Sitaki kelele. Nataka sauti."

Mama alilala chali chini ya gari, akagonga hapa na pale. "Sailensa imeoza, Mwalimu," alisema kutoka huko chini. Sailensa ni lile kopo kubwa linalopunguza mlio wa injini. "Kinachokohoa si injini, ni kutu. Injini yako ni nzima, imekosa tu koo."

"Basi ipatie koo."

"Mimi nitachomelea. Sauti atachagua huyu."

Huyu! Sikio aliutafuta uso wa kawaida akaukosa. Alikaa juu ya tairi kuukuu, mikono mgongoni, akatoa amri zake kwa upole wa mtu mkubwa. Bomba liwe pana zaidi. Ndani ya sailensa mpya lipite bomba lenye matundu madogo, lizungushiwe sufi ya chuma, ili mlio ulainike bila kuzibwa. Mama alisikiliza, akapunguza hapa, akaongeza pale, akashusha kinyago cha kuchomelea. Cheche ziliruka. Kufikia alasiri koo jipya lilikuwa chini ya gari, linang'aa.

Mama alikwenda kwenye bomba la maji nyuma ya karakana kunawa masizi. "Washa, kisha povu," aliagiza.

Sikio aliwasha injini. Akasahau povu.

Gari lilinguruma. Ulikuwa mngurumo mzito, wa chini, na ndani yake mlikuwa na mkwaruzo mtamu ajabu, kama simba anayesafisha koo kabla ya kuhutubia. Fundi wa matairi wa jirani alitoka nje na mkate mdomoni. Redio, mvulana wa darasa lake ambaye hakuwahi kunyamaza tangu siku aliyojifunza kusema, alifika mbio akitokea alikotumwa.

"Hilo ni gari la Mwalimu? Yule mbuzi?" alipiga kelele. "Sikio, kanyaga mafuta tena! Tena! Jamani, huyu si mtu, huyu ni mtambo!"

Sikio akakanyaga tena, na tena. Alipokumbuka brashi, bomba lilikuwa limeshapata moto. Alipaka kiungo cha kwanza, chini ya sakafu ya gari. Maji yakalia *tss*, yakakauka. Hapo ndipo alipoinamisha kichwa, akasikia. Chini ya mngurumo, pale kwenye kiungo, kulikuwa na kipumzi chembamba: *fss, fss, fss*. Moshi ulikuwa unapenya. Na ule mkwaruzo mtamu, uliomtoa fundi wa matairi kwenye mkate wake, ulitoka papo hapo.

Alijua. Hebu tusimwonee, lakini tusimfichie pia: alijua. Kiungo kingekazwa, mkwaruzo ungekufa, na nusu ya sifa ingekufa nao.

"Povu?" mama aliuliza akijifuta mikono.

Sikio alimtazama Redio, aliyekuwa bado anacheza kuzunguka gari.

"Tayari, Mama," alisema.

Jumatatu gari la Mwalimu liliingia shuleni, na shule nzima ikakimbilia madirishani. Mwalimu alishuka amenyoosha tai. Mkononi alimshika Kidoti, binti yake wa darasa la kwanza, aliyekuja naye kila asubuhi vioo vikiwa vimefungwa kwa ajili ya vumbi. Redio alitangaza bila kuombwa kwamba sauti hiyo ilitungwa na mwanafunzi wa darasa la saba, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo kama shahidi. Wakati wa mapumziko Sikio aliombwa aeleze habari hiyo mara sita. Mara ya sita ilikuwa ndefu kuliko kazi yenyewe.

Jumatano asubuhi jambo lisilowahi kutokea lilitokea. Mwalimu wa Hesabu aliandika ubaoni kwamba saba mara nane ni hamsini na nne.

Redio aliinua mkono. "Mwalimu... si hamsini na sita?"

Mwalimu aliutazama ubao kama aliyeandikiwa na mtu mwingine. Akafuta, akashika paji la uso. "Samahanini. Tangu Jumatatu kichwa kinanigonga kila asubuhi. Ikifika mchana kinapoa. Na Kidoti leo ametapika garini. Labda tuna malaria."

Kila asubuhi. Garini. Vioo vimefungwa. *Fss, fss, fss.* Sikio akaanza kujipa moyo: labda kweli ni malaria. Malaria ipo, watu wanaugua. Labda.

Kengele ya mapumziko ilipolia, alimwona Mwalimu akivuka uwanja na Kidoti begani. Mtoto alikuwa amelegea, macho nusu. "Nampeleka zahanati," Mwalimu alimwambia mwalimu wa zamu. Akamlaza kiti cha nyuma, akamfunika koti, akapandisha vioo vyote ili asipigwe na upepo. Wanafunzi walishajipanga kandokando ya njia, kama kawaida yao, wakisubiri simba aseme. Redio alikuwa mbele kabisa.

Sikio alikimbia. Alipita katikati ya mstari, akasimama mbele ya gari, viganja juu ya boneti.

"Mwalimu, usiwashe!"

"Toka hapo, mwanangu, mtoto anaumwa."

"Gari ndilo linalomuumiza! Kuna kiungo kinavuja. Moshi unaingia ndani." Akaendelea, "Nilikisikia Jumamosi. Nikamdanganya mama kwamba nimepima."

Macho mia tatu yakamgeukia.

"Ulikisikia?" Redio aliuliza polepole. "Ukaacha?"

"Ndicho kilichokuwa kinatoa ule mkwaruzo."

Mwalimu alichomoa ufunguo, akamtoa Kidoti haraka, akamketisha kwenye ngazi penye upepo. Mwalimu Mkuu aliwapeleka zahanati kwa gari lake, vioo vyote vikiwa wazi.

Muuguzi alimpima mtoto, akamsikiliza Mwalimu, akatikisa kichwa. Hapakuwa na malaria. Alieleza kwamba ndani ya moshi wa gari mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiivuta kidogo huumwa kichwa na kuchanganyikiwa. Akiivuta sana katika nafasi iliyofungwa hulala, na pengine asiamke. "Mngewasha lile gari mkaja nalo," alisema, "ningempokea akiwa katika hali nyingine kabisa." Alimpa Kidoti oksijeni kwa mpira, na kufikia saa nane mtoto alikuwa anadai biskuti.

Jioni hiyo gari lilivutwa kwa kamba hadi karakana. Sikio alitangulia kwa miguu. Njia haikuwahi kuwa fupi hivyo. Alimkuta mama amevua glovu, anamsubiri. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshampigia simu.

"Ulikisikia?" mama aliuliza.

"Nilikisikia, Mama."

"Ukaniambia tayari."

"Ndiyo."

Mama hakumpiga wala hakumfokea. Alimgeukia Mwalimu, aliyekuwa ameshafika na Kidoti na sasa anafungua kamba. "Mwalimu, nisamehe. Mlango huu ni wangu, na gari lako lilitoka hapa bila mimi kuliona povu kwa macho yangu. Kosa la mwanangu lina mama, na mama ndiye mimi."

Mwalimu alivuta pumzi. "Fundi, nimekasirika, sitaficha. Lakini leo mwanao alisimama mbele ya shule nzima akajivua nguo za sifa zote alizokuwa amevaa. Watu wazima wengi ninaowajua wangesubiri kwanza waone kama mtoto atapona."

"Basi tulale chini," mama alimwambia Sikio.

Walilala chali chini ya gari, bega kwa bega. Waliona kwamba boliti moja ilikuwa haijakazwa na gasketi, lile bamba jembamba linaloziba kati ya viungo, imekaa upande. Sikio aliitoa, akasafisha nyuso mbili za chuma mpaka zikang'aa, akaweka gasketi mpya, akakaza boliti kwa zamu huku mama akishika taa. Pale sakafuni, karibu na mkono wa gia, walikuta mpira uliopasuka ambako moshi ulipitia; wakaubadilisha. Kisha injini ikawashwa ikiwa baridi, na Sikio akapita na brashi kiungo baada ya kiungo. Safari hii mama alipita nyuma yake. Povu lilitulia kila mahali kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani.

Mwalimu alikanyaga mafuta. Sauti ilitoka nzito, ya chini, imetulia. Haikuwa na mkwaruzo. Fundi wa matairi alichungulia, akarudi kwenye kazi yake.

Redio, ambaye alikuwa amekuja kuona mwisho wa habari ili asiitangaze kwa makosa, alijikuna kichwa. "Sema kweli, Sikio. Ile ya kwanza haikuwa nzuri zaidi?"

Sikio alifikiri. Ilikuwa rahisi sana kusema hapana.

"Ilikuwa nzuri zaidi," alijibu. "Lakini ile ilikuwa sauti ya tundu. Hii ndiyo ya injini."

Mama alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Alimshika bega kwa mkono wenye masizi na kumwachia alama kwenye sare. "Sikieni, ninyi wawili. Kujisifia kazi si dhambi. Hata mimi hujisifia. Ila sifa ya fundi si makofi anayopigiwa gari likitoka. Sifa yake ni kwamba walio ndani ya gari wanafika salama, hata kama hakuna anayegeuka kulitazama. Na ukikosea, uwe wa kwanza kulisema kosa lako. Ukingoja kosa liseme lenyewe, litasema kwa mdomo wa mgonjwa."

Mwalimu alimpakia Kidoti kiti cha mbele, akafungua kioo. Gari liliondoka taratibu, na hakuna aliyelipigia makofi. Sikio alisimama mlangoni akalisikiliza mpaka kona, mpaka barabara kuu, mpaka likapotea. Lilikuwa zima. Alilisikia lilivyo zima, akanyoosha shingo, na safari hii hakuangalia kama kuna mtu anayemtazama.