Kuku Aliyekula Kura

Kaeni vizuri. Aliye na karanga mdomoni amalize kutafuna kwanza. Tayari? Haya, twende.

Sekela alikuwa na miaka sita na sweta moja la njano. Aliishi na bibi yake huko Masebelo, mji mdogo wenye baridi, juu vilimani.

Masebelo ilikuwa na bustani moja tu ya kupumzikia watu. Na bustani hiyo ilikuwa na bembea moja tu.

Lakini bembea yenyewe! Ilikupeleka juu. Kriii! Ikakurudisha chini. Krooo!

Kila Jumamosi, Bibi na Sekela walipotoka sokoni, walipita bustanini. Sekela alibembea. Bibi alisimama.

"Kaa kwenye nyasi, Bibi," Sekela alisema.

"Nikikaa chini, nani ataniinua?" Bibi alicheka. "Wewe, na hivyo vimikono vyako?"

Benchi halikuwepo hata moja. Kwa hiyo Bibi alisimama, kikapu mkononi. Akaegemea mguu wa kulia. Akaegemea mguu wa kushoto. Akarudi tena wa kulia.

Jumamosi moja, Sekela alibembea juu sana.

Kriii! Krooo! Kriii! KACHA!

Mnyororo ulikatika. Sekela akaanguka kwenye nyasi, puu!

Hakuumia. Lakini bembea ilikuwa imekwisha. Zilibaki nguzo za chuma tu, zimesimama bure. Sekela alilia njia nzima mpaka nyumbani. Nani asingelia?

Basi siku moja, Mama Atupele alipita nyumba kwa nyumba. Mama Atupele alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Nyuma yake alitembea kuku wake mnene, mwenye madoa.

Kuku huyo aliitwa Shangazi. Aliitwa hivyo kwa sababu aliingia kila nyumba bila kupiga hodi, na hakuondoka mpaka ale.

"Hodi! Kesho kuna mkutano bustanini!" Mama Atupele alisema. "Halmashauri imetenga fedha za kutengeneza bustani yetu. Njooni wote tuchague!"

"Ko, ko, kokoo!" alisema Shangazi. Tayari alikuwa jikoni kwa Bibi.

Kesho yake watu walijaa bustanini. Alikuja pia mgeni kutoka halmashauri, mwenye miwani na karatasi nyingi. Kazi yake ilikuwa kupanga mambo ya mji. Watoto wakamwita Bwana Mipango.

Bwana Mipango alikuwa na utepe mrefu wa kupimia. Alipima bustani huku, krrrr! Akapima kule, krrrr! Watoto walimfuata kila alikokwenda.

Kisha akasema, "Ndugu zangu, fedha za mwaka huu zinatosha kitu kimoja. Kimoja tu. Mnataka nini?"

"Taa!" walisema kina mama wa sokoni. "Jioni hatuoni njia."

"Bembea!" walipiga kelele watoto. Sekela alipiga kelele kuliko wote.

"Mabenchi," alisema Bibi. "Sisi wazee tumechoka kusimama. Hata ng'ombe hupumzika."

Mama Atupele akapanga mabakuli matatu kwenye nyasi. Bakuli moja lilikuwa na picha ya taa. La pili lilikuwa na picha ya bembea. La tatu, picha ya benchi.

Kisha akafungua mfuko wa mahindi. Akaimba:

"Mtu mmoja, punje moja!
Mkubwa moja, mtoto moja!"

Hivyo ndivyo watu wa Masebelo walivyopiga kura tangu zamani. Unapewa punje moja ya mahindi, unaitia kwenye bakuli unalolitaka.

Siku zote walifanya hivyo ndani ya ukumbi, mlango umefungwa. Leo walifanya nje, kwenye nyasi. Watu wazima wote wale, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuku.

Punje ya Bibi ilianguka kwenye bakuli la benchi. To!

Punje ya Sekela ilianguka kwenye bakuli la bembea. To!

Mtu mmoja, punje moja. To! To! To! Mpaka watu wote wakamaliza.

Mara manyunyu yakaanza. Nyu, nyu, nyu.

"Mvua!" walisema watu. Wote wakakimbilia kibanda cha soda kando ya bustani kujikinga.

"Kikapu changu!" alisema Bibi. "Nimekisahau kule!"

"Nitakileta mimi," alisema Sekela. Akakimbia peke yake kwenye manyunyu.

Na hapo ndipo alipomwona Shangazi.

Shangazi alikuwa kwenye mabakuli. Alikuwa ameingiza kichwa ndani ya bakuli la benchi.

Ko, ko. Do! Ko, ko. Do! Ko, ko. Do!

"Shuu!" alisema Sekela. "Shangazi, shuu!"

Shangazi alimtazama kwa jicho moja. Akameza punje moja ya mwisho. Akaondoka polepole, tumbo limemjaa.

Sekela alichungulia bakuli la benchi. Punje zilibaki chache sana. Akachungulia bakuli la bembea. Lilikuwa limejaa vilevile.

Akageuka kutazama kibandani: hakuna aliyemwona.

Alichukua kikapu. Alirudi kibandani. Hakusema kitu.

Manyunyu yakakatika. Mama Atupele akahesabu punje kwa sauti, na Bwana Mipango akaandika.

"Taa, kumi na saba!"

"Benchi, nne!"

"Nne?" aliuliza Bibi. "Nne tu?" Wazee wenzake wakatazamana. Hawakuelewa.

"Na bembea, ishirini na nne! Bembea imeshinda!"

Watoto waliruka. Walicheza. Walibebana mgongoni. "Bembea! Bembea!"

Sekela naye aliruka. Aliruka mara moja tu.

Kisha akamwangalia Bibi. Bibi alikuwa anampigia makofi.

"Hongera, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Umepata bembea yako." Akaegemea mguu wa kulia. Akaegemea mguu wa kushoto.

Sekela alijisikia vibaya sana. Alivuta kitenge cha Bibi. Akamnong'oneza sikioni. Psi, psi, psi.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza.

"Mimi nimekusikia," alisema Bibi. "Lakini wao hawajakusikia."

"Ninaogopa, Bibi."

"Najua. Hata mimi ningeogopa. Twende wote, nikushike mkono."

Wakaenda mpaka mbele ya watu wote. Sekela aliushika sana mkono wa Bibi.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba!" walijibu watu.

"Shangazi amekula mabenchi."

Bwana Mipango akavua miwani. "Shangazi wa nani amekula mabenchi?"

Si mnajua alikuwa mgeni? Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Shangazi ni kuku," alisema Sekela. "Amekula punje za benchi. Nimemwona wakati wa mvua. Nilinyamaza kwa sababu ninataka bembea. Samahani."

Sasa hakuna aliyecheka. Mama Atupele alimtafuta kuku wake. Shangazi alikuwa amelala chini ya meza ya kibandani, ameshiba kabisa.

"Jamani!" alisema Mama Atupele. "Kuku wangu mwenyewe ameniaibisha!" Akambeba kwapani.

Lugano, rafiki yake Sekela, alikasirika. "Mbona umesema? Tulikuwa tumeshinda!"

Sekela alifikiri kidogo.

"Mtu mmoja, punje moja," alisema. "Shangazi si mtu."

Lugano akapiga teke jiwe dogo.

"Turudie," alisema Bwana Mipango. "Safari hii tutumie kokoto."

"Kokoto?" walisema watu. "Kuku anameza kokoto! Bwana Mipango, wewe umekulia wapi?"

Bwana Mipango aliona haya. Kumbe karatasi zake zote hazikuwa na habari za kuku.

Mwenye kibanda akaleta ndoo ya vizibo vya soda. "Kama kuku ataweza kumeza hivi, nitampa na soda yenyewe," alisema.

Mama Atupele akaimba tena, kuku akiwa kwapani:

"Mtu mmoja, kizibo kimoja!
Mkubwa kimoja, mtoto kimoja!"

Kizibo cha Bibi kikaanguka kwenye bakuli la benchi. Tingi!

Kizibo cha Sekela kikaanguka kwenye bakuli la bembea. Tingi! Alitaka bembea bado. Kwani ni kosa?

Tingi! Tingi! Tingi! Mpaka watu wote wakamaliza.

"Taa, kumi na saba!" alihesabu Mama Atupele. "Bembea, ishirini na nne! Na benchi, thelathini na moja! Mabenchi yameshinda!"

Wazee walishangilia. Wengine hawakuweza kuruka, kwa hiyo walirusha kofia.

Sekela alimpigia Bibi makofi. Pa, pa, pa. Lakini machozi yalikuja yenyewe. Yalishuka mpaka kwenye sweta la njano.

Bibi hakushangilia tena. Alimkumbatia Sekela, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha akazitazama zile nguzo za chuma zilizosimama bure. Akazitazama sana.

"Bwana Mipango," aliita Bibi. "Mabenchi ni mangapi?"

"Sita, mama yangu."

"Na kila moja lina miguu?"

"Ndiyo, mama. Miguu minne."

"Yote?"

"Yote."

"Imeandikwa wapi kwamba benchi lazima liwe na miguu?"

Bwana Mipango alifungua karatasi zake. Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akaigeuza ya tatu, akatazama na nyuma.

"Haijaandikwa popote," alisema.

"Basi la sita lisiwe na miguu," alisema Bibi. "Lifungeni minyororo. Litundikeni pale kwenye nguzo za bembea. Mimi nitakaa. Mjukuu wangu atabembea. Benchi ni lile lile."

Watu wakatazama nguzo. Wakamtazama Bibi.

"Inawezekana!" alisema fundi Gwamaka, mchomelea vyuma. Alizigonga nguzo kwa nyundo, ngo, ngo! "Nguzo hizi bado ni imara. Ile miguu minne tusiyotengeneza itatununulia mnyororo mpya mnene."

Bwana Mipango akapima kutoka nguzo hadi nguzo, krrrr!

"Wanatosha watu watatu," alisema. "Wembamba, wanne."

"Mnakubali?" aliuliza Mama Atupele.

"Tunakubali!" walijibu wazee.

"Tunakubali!" walijibu watoto. Lugano alijibu kwa sauti kubwa zaidi, kisha akamshika Sekela mkono.

Fundi Gwamaka alifanya kazi wiki mbili. Alikata vyuma, zzzz! Alipiga misumari, ko, ko, ko! Kila asubuhi Sekela alipita kuangalia. Kila asubuhi fundi alimwambia, "Bado, mama mdogo. Nenda shule."

Hatimaye mabenchi yakawa tayari. Matano yalisimama kwa miguu. La sita lilining'inia.

Sekela alikimbia na Lugano kwenda kupanda. Lakini walipofika, walisimama.

Mzee Mwakasege alikuwa amekaa tayari, na fimbo yake. Karibu naye walikaa wazee wenzake wawili. Walikuwa wanabembea taratibu, wamefumba macho.

"Shikamooni, babu," alisema Sekela. "Mtashuka saa ngapi?"

"Marahaba," alijibu Mzee Mwakasege bila kufumbua macho. "Subirini kidogo. Ndiyo kwanza tumepanda."

Watoto walisubiri. Walisubiri tena. Mwishowe Mama Atupele akaja akiwa na Shangazi, amemfunga kamba mguuni.

"Wazee, zamu!" alisema. "Muda wenu umekwisha!"

Wazee walishuka, wananung'unika kidogo.

Bibi akakaa katikati. Sekela akakaa upande huu, Lugano upande ule. Bibi akaweka kikapu mapajani, akapumua, "Aaah!" Tangu Sekela azaliwe, hakuwahi kumsikia Bibi akipumua hivyo.

"Tuanze, Bibi?"

"Tuanze, lakini polepole. Mimi si ndege."

Benchi likaenda mbele. Nyiii. Likarudi nyuma. Nyooo.

"Ongeza kidogo," alisema Bibi.

Nyiii! Nyooo!

"Ongeza tena!" alisema Bibi, na kilemba chake kikaanza kulegea. Sekela alicheka mpaka akapata kwikwi.

Jioni hiyo walikula viazi na maharage. Walinawa miguu kwa maji ya moto. Wakaingia kitandani mapema, kwa sababu ya baridi ya Masebelo.

"Sekela," alisema Bibi. "Umelala?"

"Bado kidogo, Bibi."

"Kesho tuamke mapema. Tufike kabla ya Mzee Mwakasege. Yule akikaa, hashuki."

"Sawa, Bibi," alijibu Sekela. Macho yake yakajifumba.

Nyumba ikawa kimya. Sekela akalala fofofo. Bibi naye akalala, anatabasamu, na chini ya blanketi miguu yake ilikuwa bado inabembea.